Je, Kibanda Kinaweza Kupata Nyota ya Michelin?

Ndiyo, na imeshatokea. Mwaka 2016, Michelin, mwongozo maarufu wa mikahawa, ulimpa nyota moja Chan Hon Meng, muuzaji wa wali kwa kuku kwenye kibanda huko Singapore. Sahani yake ilianzia dola 2 hivi za huko. Mwaka 2024, kibanda cha taco cha El Califa de León, Mexico City, nacho kikapata.

Je, wanastahili? Sisi tunasema wanastahili kabisa. Wakaguzi wa Michelin huangalia chakula chenyewe: ubora wa viungo, ustadi wa mpishi, ladha, na kama mlo wa leo ni sawa na wa jana. Vitambaa vya meza havihesabiwi.

Lakini nyota haidumu. Ya Chan iliondolewa mwaka 2021.

Hapa kwetu, mama wa chapati madondo hupimwa kila siku: mteja anarudi ama harudi. Kama kibanda ni chako, weka rekodi ya hao wanaorudi. Pokea malipo kwa till, wala si kwa laini yako binafsi, ili pesa ya biashara isichanganyike na ya nyumbani. Kila mwisho wa mwezi pitia taarifa yako ya malipo. Siku ukiomba mkopo, utakuwa na kitu cha kuonyesha.

Na wewe mteja, hakikisha jina la biashara kabla ya kuweka PIN. Kisha ufurahie chakula chako!