Picha Moja Haitoshi Kujua Moyo wa Mtu

Huku kwetu mashariki watu wanapigwa picha kila siku: mama kwenye foleni ya msaada, mtoto mlangoni pa hema, baba aliyeinamisha kichwa. Anayeiona picha husema upesi, "Huyu amekata tamaa." Pengine alikuwa anafunga kiatu.

Kati ya 1936 na 1939, Margaret Mead, Mmarekani, na mume wake Gregory Bateson, Mwingereza, walifanya kazi kisiwani Bali, katika Indonesia ya leo. Walitaka kuelewa tabia ya watu kwa kutazama maisha ya kawaida: kuoga mtoto, kula, kucheza. Bateson alipiga picha. Mead alikaa karibu akiandika saa, nani yupo, na nini kimetangulia. I Made Kaler, kijana wa Bali, aliandika kwa lugha ya kwao. Walipata picha kama 25,000, lakini kitabu chao cha 1942 kina 759 tu.

Nguvu ya kazi yao ilikuwa mfululizo. Mama anamchokoza mtoto kwa mchezo, mtoto anachangamka na kumrukia, kisha mama anageuza uso pembeni. Ukiona picha ya mwisho peke yake, utasema mama hajali. Ukiona ya kwanza tu, utasema wana furaha. Wao walisema mchezo huo, ukirudiwa kila siku, humzoeza mtoto kuzuia hisia zake, na ndiyo sababu mtu mzima wa Bali huonekana mtulivu.

Hapo sisi tunasita. Picha zilionyesha mwendo, lakini maana ililetwa na wageni. Mwaka 1992 Luh Ketut Suryani, daktari wa magonjwa ya akili na mzaliwa wa Bali, pamoja na Mmarekani Gordon Jensen, walitoa kitabu kilichochunguza upya maelezo hayo na kuyapinga. Tena, mara nyingine Bateson alitumia kioo cha pembeni ili anayepigwa asijue. Hilo hatulikubali, hata kwa ajili ya elimu.

Vijana wetu wanaopiga picha kambini kwa simu wanaweza kuchukua daftari la Mead na kuacha kile kioo. Omba ruhusa kwanza. Andika saa na yaliyotangulia. Kisha mwonyeshe mama picha yake, umwulize alikuwa anafanya nini, na uandike jibu lake chini ya picha kwa maneno yake mwenyewe. Akisema usiitume, ifute mbele yake.