Kabla ya kufunga injini ngeni kwenye gari kuukuu, jiulizeni maswali manne

Kigoma. Katika nyumba nyingi za Ujiji, chini ya mwembe, utakuta gari ambalo halijatoka uani kwa miezi kadhaa. Mara nyingine ni Land Rover ya zamani, urithi wa babu. Imebeba mawese, imebeba dagaa kutoka Kibirizi, imepeleka watoto shule, na usiku mmoja au miwili isiyosahaulika ilimkimbiza hospitali mama mwenye uchungu.

Sasa injini imechoka. Inachemsha, inakunywa mafuta, na asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Ndipo mazungumzo huanza sebuleni, watoto wakishalala.

“Mama watoto, fundi anasema tuachane na hii injini ya petroli. Ipo ya dizeli ya Toyota, anaifunga humo humo. Gari litakuwa jipya.”

“Litakuwa jipya lote, au injini tu?”

“Injini ndiyo gari, mama.”

“Na breki je? Halafu hiyo hela siyo ile ya ada ya Januari?”

Wapo watakaosema mama huyo anamvunja moyo mwenzake. Ukweli ni kwamba ameuliza maswali mawili ambayo familia nyingi huyakumbuka baada ya kumlipa fundi.

Gari la nyumbani ni suala la afya

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaowagharimu wajawazito maisha: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kupata huduma ukishafika. Mpangilio huo ulielezwa mwaka 1994 na watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine, na hadi leo unatumika kufundishia.

Gari la familia linagusa ule ucheleweshaji wa pili. Mtoto akipandwa na homa kali saa nane usiku, au mama akianza kutokwa damu, hakuna anayejali gari lina nguvu kiasi gani. Kinachotakiwa ni liwake, lifike Maweni au kituo cha afya kilicho karibu, na lisimame pale dereva anapokanyaga breki.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha injini yoyote unayotaka kuifunga ni uhakika. Kasi, mlio na sifa za vijana wa gereji vije baadaye.

Somo lililoko ziwani

Wakazi wa Kigoma wana mfano wao wa kubadili injini kwenye chombo cha zamani, nao ni mv Liemba.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kufikishwa Kigoma kwa njia ya reli. Iliunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915, wakati Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiichukue, lakini kwanza mafundi walizipaka injini zake grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ilitembea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, injini za mvuke zilipoondolewa na kufungwa za dizeli. Ni mageuzi makubwa: mafuta mengine, mashine nyingine, mafundi wenye ujuzi mwingine. Hata hivyo yalilipa, na meli ikaendelea kuhudumia vijiji vya mwambao hadi Mpulungu, Zambia, kwa miaka mingi.

Yalilipa kwa sababu bodi ya meli ilikuwa bado nzima, kazi ya kuifanya ilikuwepo kila wiki, na dizeli ilikuwa na spea na mafundi. Ongeza hapo usalama wa abiria, unapata maswali manne ambayo mzazi anaweza kuyapeleka gereji.

Swali la kwanza: Mwili wa gari ni mzima?

Usinunue injini kabla gari halijainuliwa na kukaguliwa chini. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama bati la chuma, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Chesesi iliyoko chini yake ni ya chuma, na hiyo hutafunwa na kutu kimyakimya.

Mwambie fundi agongegonge chesesi kwa nyundo ndogo, hasa mahali springi zinaposhikia. Sehemu nzima hutoa mlio mkali, na iliyooza hutoa mlio mzito, pengine nyundo ikazama kabisa. Aangalie pia springi, usukani, mabomba ya breki na difu. Injini nzuri kwenye chesesi iliyooza ni hela iliyotupwa ziwani.

Swali la pili: Linatembea kilomita ngapi?

Sababu inayotajwa sana ni kwamba dizeli inabana matumizi. Hilo linaweza kuwa kweli, lakini lipigiwe hesabu. Chukua daftari la watoto na uandike.

Tuseme gari la petroli linakwenda kilomita sita kwa lita, na baada ya kufungwa dizeli litakwenda kilomita 10. Tuseme pia lita ya mafuta yote mawili ni Sh3,000, na kazi nzima itagharimu Sh4.8 milioni.

Familia inayotembea kilomita 600 kwa mwezi, labda kwa sababu baba hupeleka bidhaa Kasulu, itatumia lita 60 badala ya 100. Imeokoa lita 40, yaani Sh120,000. Gharama itarudi baada ya miezi 40, sawa na miaka mitatu na miezi minne.

Familia inayozunguka Ujiji, Mwanga na Gungu tu, kilomita 200 kwa mwezi, itaokoa Sh40,000. Gharama itarudi baada ya miezi 120. Hiyo ni miaka 10! Mtoto aliyeanza darasa la kwanza atakuwa sekondari.

Weka bei zako halisi. Ewura hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi kwa kila eneo, na kwa kuwa Kigoma ni mbali na bandari, bei yake huwa juu kuliko ya Dar es Salaam. Bei ya kazi usiiandike kwa kusikia. Mwombe fundi orodha kamili, kwa sababu injini ngeni haiji peke yake. Inahitaji mikono mipya ya kuishikilia, kiunganishi cha kuikutanisha na giaboksi, klachi, rejeta inayoimudu, nyaya, mabomba ya mafuta na bomba jipya la moshi. Pengine na propela shafti ikatwe. Bajeti nyingi hufia kwenye vitu hivi, na gari likabaki gereji likiwa limefunguliwa.

Swali la tatu: Likiharibika Uvinza, nani ataligusa?

Gari lililotoka kiwandani likiharibika, fundi yeyote anayelijua anajua pa kuanzia. Gari lenye injini ya Toyota, giaboksi ya Land Rover na nyaya za kuunga lina fundi mmoja tu duniani, yule aliyelifunga. Akihama kwenda Mwanza, siri za gari zimeondoka naye.

Hii haina maana kwamba kila mchanganyiko ni mbaya. Dizeli za kawaida za Toyota, kama 2L na 3L zilizotumika sana kwenye Hilux na Hiace, zina mafundi wengi na spea zake hazisumbui sana. Uliza hivi: fundi huyu amewahi kufunga injini ya aina hii kwenye gari la aina hii? Lipo wapi gari hilo? Nenda ukalione, ukaongee na mwenyewe. Kama gari lako ndilo la kwanza, wewe ndiye unayelipia mafunzo yake.

Dai pia stakabadhi ya injini yenyewe. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukiibadilisha bila kuwataarifu TRA na kampuni ya bima, gari la barabarani na gari la kwenye makaratasi yanakuwa mawili tofauti. Siku ya ajali au siku ya kuuza, tofauti hiyo itakutafuta.

Swali la nne: Watoto watakaa wapi na watavuta nini?

Hili ndilo ambalo gereji wengi hawalizungumzii kwa sababu mteja halitaji.

Kwanza breki. Kwenye magari ya petroli yenye breki za kusaidiwa, zile nyepesi mguuni, msaada huo hutokana na mvuto wa hewa wa injini yenyewe. Dizeli haitoi mvuto huo kwa namna hiyo. Huhitaji pampu yake, ambayo kwenye dizeli nyingi za Toyota hukaa nyuma ya alteneta. Fundi akiisahau, au akifunga alteneta isiyo nayo, pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe. Injini nzito zaidi pia huongeza mzigo kwa springi na breki za mbele.

Pili moshi. Bomba la kuungaunga likivuja chini ya sakafu yenye matundu, moshi huingia ndani. Ndani yake kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayozuia damu kubeba oksijeni. Dizeli hutoa gesi hiyo kidogo kuliko petroli, lakini moshi wake una chembe ndogo zinazoingia ndani ya mapafu na kuwachokoza wenye pumu. Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, hivyo huathirika mapema. Kama safarini watu kadhaa wanaumwa kichwa kwa pamoja, wana kizunguzungu au kichefuchefu, au mtoto anasinzia isivyo kawaida, simamisha gari na wote washuke wapate hewa safi. Aliyezidiwa apelekwe kituo cha afya kwa chombo kingine. Usilitumie gari hilo tena mpaka bomba lizibwe.

Tatu viti. Land Rover nyingi za zamani zina mabenchi ya pembeni nyuma, bila mikanda. Watoto wakae kwenye viti vinavyotazama mbele na wafungwe mikanda. Kabla ya kuongeza uwezo wa gari kukimbia, tengeneza kinachowashikilia waliomo.

Basi mfanyeje?

Kama chesesi ni nzima, gari linafanya kazi inayoingiza pesa kila wiki, fundi ameshafunga nyingine mfano wake na fedha ya breki na mikanda imo kwenye bajeti, badilisheni. Itawalipa kama ilivyolipa Liemba.

Kama gari ni la mjini na linatoka mara mbili kwa wiki, kufumua injini yake mwenyewe au kufunga nyingine ya aina ile ile kwa kawaida ni nafuu na kuna maswali machache. Na kama chesesi imeoza, liuzeni mapema kabla halijamaliza akiba.

Fedha ya ada na ya bima ya afya isiguswe. Wakati gari liko gereji, nyumba yenye mjamzito au mtoto mchanga iwe na namba 115 ya mfumo wa M-Mama, unaopigiwa bure, kwa ajili ya usafiri wa dharura. Iandikeni ukutani, na muwe pia na namba za madereva wawili wa jirani.

Huko sebuleni, mazungumzo yanaweza kuisha hivi.

“Sawa, mama watoto. Jumamosi tunalipeleka likainuliwe kwanza, tuone chini.”

“Tutaenda wote. Nami nataka kuisikia hiyo nyundo.”