Ukisafisha bastola nyumbani, mfikirie mtoto

Mzazi wa Rudewa, Kilosa, unayemiliki kwa leseni halali bastola ya stenlesi iliyokwishatumika, si vibaya kutaka kuirudishia mng'ao. Lakini zile pete nyeusi zilizoganda mbele ya silinda si masizi matupu. Mara nyingi zina madini ya risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiyameza, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima.

Kwanza toa risasi zote, kagua kila tundu la silinda, kisha zifungie chumba kingine. Kaa nje, mbali na jiko, watoto na mama mjamzito. Vaa glavu. Lainisha uchafu kwa mafuta ya bunduki, kisha futa kwa kitambaa chakavu. Ukisugua pakavu, vumbi litaruka. Usitumie waya wa kusugulia sufuria, maana chembe zake hubaki na kushika kutu. Dawa ya madoa yenye klorini nayo hutoboa stenlesi. Pete zikigoma kutoka, ziache. Ni doa tu.

Kitambaa hicho kisirudi jikoni. Kifunge mfukoni, ukitupe. Bastola ifungie kwenye kabati la chuma. Oga kwa sabuni, fua nguo hizo peke yake, ndipo umpakate mwanao.