Zana za Kale za Kuviringisha Magogo na Jinsi ya Kuzitengeneza Upya

Gogo lililolala chini huonekana kana kwamba halina nguvu, lakini likianza kuviringika mteremkoni halimngoji mtu. Kwa sababu hiyo wakata miti wa Marekani hawakupenda kulishika gogo kubwa kwa mikono mitupu, bali walitumia mpini mrefu wenye kulabu ya chuma. Zana nyingi za namna hiyo zimelala hata leo katika mabanda ya mashamba ya huko, zimeshikwa na kutu, na watu wanaozikuta hupenda kuzitengeneza upya. Kazi hiyo ni njema, walakini ina hatari yake. Zana iliyopambwa kwa macho tu, bila kurudishiwa nguvu zake, yaweza kumvunja mguu au kumwua mwenye kuitumia.

MHUNZI WA STILLWATER

Jimbo la Maine, kaskazini mashariki ya Marekani, lilikuwa na biashara kubwa ya mbao katika karne ya 19. Miti ilikatwa wakati wa baridi, na theluji ilipoyeyuka magogo yalichukuliwa na maji ya mito, kama vile mto Penobscot, mpaka kwenye viwanda vya kupasua mbao. Mara kwa mara magogo yalisongamana mtoni, na watu walilazimika kusimama juu yake ili kuyafungua.

Kulabu ya zamani ilishikwa katika mpini kwa pete iliyolegea. Iliyumba huku na huku, hata mtu hakuweza kuilenga vizuri. Katika miaka ya 1850 mhunzi wa mji wa Stillwater, Joseph Peavey, aliondoa shida hiyo. Aliitia kulabu katika mkanda wa chuma wenye masikio mawili, akaifunga kwa bolti, ikawa yaenda juu na chini tu wala haiyumbi upande. Tena alitia mwiba wa chuma katika ncha ya mpini. Zana yenye mwiba huo yaitwa peavey hata leo, kwa jina la mhunzi huyo. Iko nyingine isiyo na mwiba, yenye jino fupi butu, ambayo hutumiwa zaidi nchi kavu na viwandani.

Kazi ya kuelekeza magogo mitoni ilikoma katika Maine mwaka 1976, katika mto Kennebec. Zana yenyewe haikukoma. Watu wanaojikatia kuni, na wenye mashine ndogo za kupasua mbao, wanaitumia bado.

NGUVU YATOKA WAPI

Kila mtu aliyewahi kung'oa jiwe kwa mtaimbo aijua kanuni yake. Ncha ya mpini huegemea gogo, na kulabu hung'ata upande wa pili. Ikiwa kutoka ncha hadi bolti ya kulabu ni futi 1, na kutoka ncha hadi mikononi ni futi 4, basi nguvu ya ratili 50 mikononi huwa ratili 200 penye bolti. Faida ni kubwa, lakini mzigo huo wote huchukuliwa na vitu vitatu: mpini, bolti, na ncha ya kulabu. Hivyo ndivyo vya kutazamwa kwanza.

KUSAFISHA CHUMA

Bolti iliyoshikwa na kutu isipigwe kwa hasira. Yafaa itiwe mafuta ya taa, iachwe usiku kucha, ndipo ifunguliwe polepole. Mpini wa zamani ukiwa umeoza ndani ya kichwa cha chuma, watu wengine hukitupa kichwa motoni ili mti uungue. Hilo ni kosa kubwa, kwani ncha ya kulabu na mwiba viliimarishwa na mhunzi kwa moto na maji, na moto usiopimwa huondoa ugumu wake. Ni afadhali kukata mpini, kisha kutoboa mti uliobaki kwa keekee na kuutoa vipande vipande.

Kutu husuguliwa kwa brashi ya waya. Ikiwa ni nene, chuma hulowekwa katika siki kwa usiku mmoja, halafu husuguliwa, huoshwa, hukaushwa mara moja na kupakwa mafuta. Alama ya mfua chuma, kama ipo, isifutwe kwa tupa, maana ndiyo inayoonyesha zana ilitoka wapi.

Baada ya hayo hutafutwa nyufa. Chuma hupakwa mafuta mepesi, hupanguswa mpaka kikauke, kisha hupakwa vumbi la chokaa. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hutoka na kuandika mstari katika chokaa. Kulabu yenye ufa haifai tena kwa kazi. Itundikwe ukutani kwa kumbukumbu. Bolti iliyolika ibadilishwe kwa mpya iliyo imara.

Ncha ya kulabu hunolewa kwa tupa ya mkono. Anayetumia jiwe la mashine aende polepole na kutia maji, kwani chuma kikigeuka rangi ya buluu ugumu wake umekwisha kupungua.

KUTIA MPINI MPYA

Mpini wa kale hupendeza kwa jinsi ulivyolainishwa na mikono ya watu wengi, na wengi huona huruma kuutupa. Lakini mti uliopasuka, uliooza au ulioliwa na wadudu hauna dawa, na rangi nzuri juu yake ni udanganyifu. Mpini mpya uwe wa mti mgumu usiovunjika upesi, kama vile hikori au eshi, ambayo Wamarekani huitumia. Nyuzi zake ziende sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, bila fundo. Tena uwe umekauka, kwa kuwa mti mbichi husinyaa na kulegea ndani ya chuma.

Ili uingie barabara, tundu la chuma hupakwa masizi ndani. Mpini huingizwa na kutolewa, na palipo na weusi ndipo panapochongwa, mpaka mti uguse kila mahali. Kisha zana hushikwa kichwa chini pasipo kugusa ardhi, na kitako cha mpini hupigwa kwa nyundo ya mti. Kwa uzito wake chuma hupanda juu ya mpini na kukaza. Mwisho hutiwa ribiti katika tundu lake la zamani.

Mpini haupakwi rangi nzito, kwa sababu rangi huficha nyufa. Hupakwa mafuta ya mbegu za kitani, kidogo kidogo, mara kadhaa. Vitambaa vilivyotumika visirundikwe pembeni mwa banda, kwani mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo laweza kuwaka lenyewe. Vitandazwe nje vikauke, au vitiwe katika kopo lenye maji.

KUJARIBU

Zana iliyotengenezwa hujaribiwa kwanza kwa gogo dogo mahali tambarare, na mpini hutazamwa tena baadaye. Hata ikiwa imara, mtu asisimame upande wa chini wa mteremko, wala asiupitishe mpini katikati ya miguu. Gogo likimshinda, auachie mpini na kuondoka. Mpini waweza kuchongwa mwingine kwa siku moja, lakini mguu hauchongwi.