Alama za Kweli, Majina ya Uongo

Mwaka 1970 E. F. Codd, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM mjini San Jose, California, alichapisha makala iliyobadili namna ya kuhifadhi habari katika kompyuta. Alipendekeza kwamba habari zipangwe katika majedwali, na kwamba mtumiaji aitambue kila safu wima kwa jina lake, wala si kwa mahali ilipo. Hifadhidata nyingi za leo hufuata mpango huo, nazo huulizwa kwa lugha iitwayo SQL. Hata hivyo, kuna mahali ambapo kanuni hiyo huweza kuvunjika kimyakimya, napo ni katika mwonekano.

Mwonekano ni jedwali lisilo na habari zake lenyewe. Kwa hakika ni swali lililohifadhiwa na kupewa jina. Kila linapoitwa, kompyuta hulijibu upya kutoka katika jedwali la asili.

Chukulia jedwali la matokeo ya shule lenye safu nne: Jina, Hisabati, Fizikia na Kemia. Mwalimu wa taaluma ametunga mwonekano kwa kutumia alama ya nyota, ambayo katika SQL maana yake ni "safu zote". Baadaye safu ya Hisabati inahamishiwa jedwali jingine, na safu ya Biolojia inaongezwa mwishoni. Katika Microsoft SQL Server, orodha ya majina ya safu huwekwa pale mwonekano unapoundwa, wala haijirekebishi jedwali linapobadilika. Kwa hiyo habari mpya hupangwa chini ya vichwa vya zamani kwa kufuata mahali tu. Mwanafunzi aliyepata 81 katika Fizikia, 47 katika Kemia na 66 katika Biolojia ataonekana amepata 81 katika Hisabati, 47 katika Fizikia na 66 katika Kemia! Kwa kuwa idadi ya safu ni ile ile, kompyuta haitoi onyo lolote. Kosa hili ni baya kuliko lile linalosimamisha kazi, maana hakuna anayelishuku, na mwanafunzi huyo aweza kunyimwa mchepuo wa Fizikia anaoustahili.

PostgreSQL hukataa kufuta safu inayotegemewa na mwonekano, isipokuwa mwonekano wenyewe nao ufutwe. Waundaji wa SQLite, kwa upande wao, wametamka wazi kwamba safu ya jibu isiyopewa jina kwa neno AS haina jina la uhakika, na kwamba jina hilo laweza kubadilika kutoka toleo moja hadi jingine.

SQL Server inayo amri ya kuhuisha mwonekano, lakini hapana budi mtu akumbuke kuitoa. Lililo bora ni kuiacha nyota na kutaja safu moja moja. Kama mwalimu yule angefanya hivyo, siku ile ile Hisabati ilipoondolewa swali lake lingekataliwa, na kompyuta ingemwambia kwamba safu yenye jina hilo haipo.