Kamera inaona, lakini je, inakumbuka?

Hivi karibuni msikilizaji mmoja alinisimamisha kwenye kituo cha daladala akaniuliza: "Mwandishi, nataka kufunga kamera nyumbani. Kamera gani ni nzuri?" Nilimjibu kwamba swali lake ni zuri, ila ni la pili. La kwanza ni hili: picha zitakazopigwa na hiyo kamera zitakaa wapi, na kwa siku ngapi? Aliniangalia kama mtu aliyejibiwa kwa fumbo. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nililijua hilo kwa gharama, na gharama yenyewe alilipa mtu mwingine.

Miaka michache iliyopita nilifunga kamera 4 nyumbani kwangu. Fundi alileta mashine ya kurekodi yenye diski ya terabaiti 1, akaiwasha, tukauona uwanja mzima kwenye televisheni, watoto wakashangilia. Nilipomuuliza itatunza picha kwa muda gani, alisema, "Mzee, hiyo ni kubwa, huwezi kuimaliza." Nikaridhika.

Baadaye tukapata msiba mkoani, tukaondoka familia nzima kwa siku 9. Usiku wa pili stoo ikavunjwa, jenereta na baiskeli zikachukuliwa. Kijana aliyekuwa akilinda nyumba alinipigia simu alfajiri. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kamera zipo, tutaona kila kitu tukirudi. Lakini mambo hayakusubiri. Majirani walimshuku yeye, polisi wakamchukua, akalala mahabusu siku 2. Kila aliyemuuliza alimjibu neno moja tu: "Angalieni kamera."

Tuliporudi niliketi mbele ya mashine ile nikatafuta usiku wa tukio. Haukuwapo. Picha ya zamani kuliko zote ilikuwa ya siku 5 nyuma. Mashine ilikuwa imejaa, na kama zilivyo nyingi ya mashine hizi, ilifuta za zamani ili iandike mpya. Shahidi pekee wa yule kijana alikuwa amefutwa. Aliachiwa kwa kukosekana ushahidi, lakini mtaani kuachiwa kwa kukosa ushahidi si sawa na kusafishwa jina. Alifungasha akarudi kwao.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi leo tufungue daftari tupige hesabu ambayo sikuipiga siku ile.

Kamera ya kisasa humwaga mkondo wa data usiokatika mchana na usiku. Mkondo huo hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, na kamera nyingi za megapikseli 4 huwekwa kwenye megabiti 4 hivi. Biti 8 hufanya baiti 1, kwa hiyo hiyo ni nusu megabaiti kila sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400. Zidisha, utapata megabaiti 43,200, yaani gigabaiti 43 na ushee kwa kamera moja kwa siku moja. Kamera 4 zitakula karibu gigabaiti 173 kwa siku. Gawanya gigabaiti 1,000 za diski yangu kwa 173: hazifiki hata siku 6. Fundi angekuwa na kalamu na karatasi, angeniambia.

Kwa hiyo kanuni ya kwenda nayo dukani ni hii: chukua 43, zidisha kwa idadi ya kamera, zidisha kwa siku unazotaka kutunza. Kamera 4 kwa siku 30 zinahitaji kama gigabaiti 5,200, basi nunua diski ya terabaiti 6. Na usichague siku kwa kubahatisha. Jiulize ni muda gani mrefu kuliko wote ambao familia yako huwa mbali na nyumba, kisha uongeze wiki moja juu yake.

Zipo njia za kupunguza ulaji huo. Ya kwanza ni namna ya kubana picha. Mfumo uitwao H.265, uliopitishwa mwaka 2013, unaweza kutumia karibu nusu ya nafasi ya ule wa zamani wa H.264 kwa ubora uleule. Sharti ni kwamba kamera na mashine zote mbili ziuelewe. Njia ya pili ni kupunguza idadi ya picha kwa sekunde: 12 au 15 zinatosha kabisa kumwona mtu anaruka ukuta. Ya tatu ni kurekodi pale tu kitu kinapotikisika. Hii inasaidia, lakini kama una mgomba mbele ya kamera, upepo ukivuma itarekodi mgomba usiku kucha. Kwenye geti, mimi nashauri irekodi muda wote.

Sasa tuje kwenye diski yenyewe. Watu wengi huenda Kariakoo, wakanunua diski yoyote ya kompyuta iliyo rahisi, au wakaichomoa kwenye kompyuta iliyokufa. Diski ya kompyuta ya kawaida imetengenezwa kwa mtu anayefanya kazi mchana na kuzima jioni. Diski za kompyuta za nyumbani mara nyingi huandikiwa na watengenezaji kiwango cha terabaiti 55 za kazi kwa mwaka. Zile za kamera, kama WD Purple na Seagate SkyHawk, huandikiwa 180 kwenda juu. Kamera zangu 4 peke yake zinaandika terabaiti 63 kwa mwaka. Umeona mwenyewe kwamba diski ya kawaida inazidiwa kabla mwaka haujaisha, na diski iliyozidiwa haipigi kelele. Huweza kufa kimyakimya, nawe ukagundua siku unayoihitaji.

Je, ununue mashine maalumu ya kurekodi, au utumie kompyuta? Kompyuta ina faida: unaweka programu uitakayo, unaongeza diski, unatafuta tukio kwa urahisi. Kazi ya kuandika tu haiitaji kompyuta yenye nguvu, kwa sababu kamera imekwisha kuibana picha. Kinachoichosha ni kuzifungua picha hizo ili uzitazame au itambue mtendo. Ukichagua njia hii, weka programu kwenye diski ndogo ya SSD na rekodi kwenye diski kubwa ya peke yake. Lakini kumbuka LUKU. Kompyuta inayokula wati 80 saa 24 inamaliza uniti karibu 58 kwa mwezi. Mashine ndogo ya wati 15 inamaliza kama uniti 11. Kwa nyumba ya kamera 4, mimi naona mashine ndogo inatosha.

Vipi kuhusu kupeleka picha zote kwenye intaneti? Rudi kwenye gigabaiti 173 kwa siku, kisha ufikirie bando lako. Picha chache za tukio, sawa. Za siku nzima, hapana.

Umeme nao una lake. Kila unapokatika ghafla, diski inayoandika inaweza kuumia, na mwizi anayejua kazi yake huanza na swichi kuu. UPS ndogo iwe na mashine, kamera na swichi inayoziunganisha. Ukiacha kimoja, umeacha vyote. Na mashine isikae chini ya televisheni. Mwizi akiibeba, ameondoka na daftari pamoja na mali.

Jambo la mwisho linaonekana dogo: saa. Mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane, haijui Kiswahili. Saa mbili usiku iandike 20:00. Ukiandika 2:00, siku ya kesi picha itasema saa nane usiku na shahidi wako atasema saa mbili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa aina hii mahakamani, ila uzito wake unategemea pia ulivyotunzwa. Tukio likitokea, nakili siku ileile kwenye flashi 2. Kama uko safarini, mwombe mtu unayemwamini akunakilie. Hilo ndilo nililopaswa kufanya alfajiri ile ya simu.

Sasa kila mwisho wa mwezi naifungua mashine na kutazama picha ya siku 30 nyuma. Ikiwapo, nalala. Mali niliyoibiwa nilikwisha inunua tena. Yule kijana nilimpigia simu kumwomba radhi, akapokea kwa adabu, lakini kazini hakurudi.