Mbwa akiuma mtu, nani nyumbani anajua alichanjwa lini?

Kwenye kipindi chetu cha mifugo, maswali ya ng'ombe, mbuzi na kuku hayaishi. Mbwa huulizwa siku ameshauma mtu. Hapo ndipo wenye nyumba wanaulizana: alichanjwa lini? Kadi iko wapi? Mara nyingi anayejua ni mmoja tu, na siku hiyo yuko mnadani au machungani, simu haipatikani.

Ndiyo maana tunashauri kila nyumba yenye mbwa iwe na karatasi ya mbwa huyo. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha.

Andika mambo haya:

- Jina la mbwa, dume au jike, rangi, umri na alama yoyote inayomtambulisha.
- Tarehe aliyochanjwa kichaa cha mbwa na tarehe ya kurudia. Bandika kadi ya chanjo hapo hapo.
- Tarehe ya mwisho aliyopewa dawa ya minyoo, na ugonjwa aliowahi kuugua.
- Anakula nini, mara ngapi, na nani anamtunza mwenyewe akisafiri.
- Namba za simu: mwenye mbwa, mtu wa pili wa familia, afisa mifugo wa kata, na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu.

Kwa nini tunasisitiza tarehe ya chanjo? Kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, kupitia jeraha la kung'atwa au mkwaruzo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini dalili huchukua wiki kadhaa au hata miezi kujitokeza, na katika muda huo chanjo inaokoa maisha. Kwa hiyo mtoto aliyeng'atwa asikae nyumbani kwa sababu anaonekana mzima.

Nyuma ya karatasi, andika hatua hizi ili hata aliyebaki na watoto azifuate:

1. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa.
2. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kadi ya mbwa mkononi. Kadi inamsaidia mhudumu kuamua, lakini haichukui nafasi ya matibabu. Nenda hata kama mbwa amechanjwa.
3. Mpigie afisa mifugo.
4. Usikimbilie kumuua mbwa. Kama anaonekana mzima, mfunge au mfungie peke yake kwa siku 10, apewe chakula na maji. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, ina maana hakuwa akiambukiza siku aliyouma. Matibabu ya aliyeumwa yanaendelea mpaka mhudumu wa afya aseme vinginevyo.
5. Mbwa akibadilika tabia, akitoa mate mengi, akishindwa kumeza au akianza kuuma ovyo, msimkaribie. Akifa, msimguse kwa mikono mitupu wala kumzika kabla ya kumtaarifu afisa mifugo, kwa sababu huenda akahitaji kuchukua sampuli.

Kuna dharura za mbwa mwenyewe pia: kugongwa na bodaboda, kuumwa na nyoka, au kula sumu ya panya. Mbwa mwenye maumivu anaweza kumuuma hata bwana wake, kwa hiyo msogelee taratibu. Usimpe dawa za binadamu. Kama ni sumu, hifadhi pakiti yake umsomee afisa mifugo kwenye simu.

Karatasi ikikamilika, iweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua. Ipige picha kwa simu, uitume kwa ndugu wawili. Mwenye simu ya kitochi ahifadhi namba ya afisa mifugo kwa jina la "Mifugo".

Kama nafasi ya tarehe ya chanjo imebaki wazi, usiijaze kwa kukisia. Mpigie afisa mifugo wa kata yako wiki hii, umuulize chanjo inatolewa lini na wapi.